Na Manyoya ya Jogoo Hadi Nungwe

Wenzangu wa mtaani, mmenichosha kwa maswali. Tangu nishuke kwenye treni, kila anayeniletea nguo anauliza kwanza habari za samaki, ndipo anakumbuka suruali yake. Nimeamua kuandika mara moja, anayejua kusoma awasomee wengine, nami nirudi kwenye cherehani yangu. Nawaambia mapema kwamba humu hamna radhi. Anayeisubiri radhi asijisumbue kufungua ukurasa wa pili.

Kilichonitoa Shinyanga

Mnamjua baba yangu, Mzee Mwinyimvua, Mzaramo aliyekuja huku bara kijana akazikwa huku huku. Alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja, mhandisi wa mgodi wa dhahabu kule Geita, hadi mgodi ulipofungwa. Mzungu alipoondoka alimwachia ufito wa kuvulia samaki: mwanzi wa vipande vitatu vinavyoungana kwa shaba, kigurudumu chenye mshipi wa hariri, na bomba refu la bati la kuuhifadhia. Baba alirudi nao Shinyanga, pamoja na hadithi moja. Alisema Jumapili moja, pale Nungwe ziwani, alimvua samaki aina ya kuyu mwenye urefu wa dhiraa nzima, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Hakutumia mnyoo wala dagaa. Alitumia manyoya ya shingo ya jogoo, yaliyofungwa kwa uzi kwenye ndoana.

Mlimcheka miaka na miaka. Mji wetu hauna ziwa, samaki tunamwona akiwa mkavu, lakini kila mmoja wenu alijigeuza bingwa wa uvuvi ili apate kumcheka baba. Yeye aliwajibu kwa upole kwamba samaki haoni manyoya, anaona mdudu aliyeanguka majini. Kisha alinifundisha mimi, mwanawe wa pekee, uani kwetu, bila ndoana. Aliweka beseni mbali akaniambia niangushe unyoya ndani yake. Nyuma, ngoja, mbele. Kungoja ndiyo kazi yenyewe, maana mshipi lazima unyooke wote nyuma ya mgongo wako kabla hujauita mbele. Mwenye pupa hupiga kelele kama mchapa ng'ombe na unyoya unamwangukia kichwani. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili nilipoanza kulipata lile beseni, na sikuwahi kuona maji ya kuvulia.

Wiki aliyokufa alinishika mkono akaniambia, "Mwanahawa, mimi sikudanganya." Hayo tu. Hakuniusia nyumba wala mbuzi.

Sasa njooni kwenye siku ya mazishi, mlipokuwapo wote. Mzaramo na Msukuma ni watani, na mtani ana haki yake msibani: humwigiza marehemu, huzuia jeneza, huwachekesha waliao, na mfiwa humtupia chochote apishe njia. Masanja, mpima pamba, mtani wetu wa miaka yote, alichukua mti wa ufagio, akafunga unyoya wa kuku kwa kamba, akasimama mlangoni mbele ya jeneza. Akasema, "Hatoki mtu hapa. Kwanza atuonyeshe samaki."

Watu walicheka huku machozi yanawatoka, kama inavyotakiwa. Mimi nilimnyang'anya ule mti nikauvunja gotini, nikamwambia hana adabu. Kumkasirikia mtani msibani ni aibu kuliko kumtukana shehe, hilo nalijua tangu utoto. Wazee walikata shauri siku ya tatu: jogoo mmoja wa faini, na neno la radhi mbele ya watu. Nilikataa vyote viwili. Nilisema jogoo ninaye, ila manyoya yake nina kazi nayo, nami nitarudi na samaki. Baada ya arobaini nilifunga mlango wa duka nikaondoka.

Treni ya kwenda Mwanza

Treni ilitakiwa kufika asubuhi ikafika alasiri, na hakuna aliyeshangaa. Nilipata nafasi karibu na mama mmoja wa Kisukuma aliyebeba kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipa konzi moja nitafune. Michembe ni chakula cha safari zetu, kinakaa tumboni hadi utakapofika.

Tulisimama Malampaka muda mrefu kwa sababu ambayo kila abiria alikuwa na yake. Nilitoa ndoana, uzi mweusi na manyoya ya jogoo wangu, nikafunga nzi wa bandia ili nisikae bure. Kazi hii fundi cherehani aliumbiwa. Unazungusha uzi kwenye shina la ndoana, unaupaka nta ya nyuki usiteleze, unakaza unyoya kwa ncha zake za chini, unauzungusha mara tatu ili vinyuzi vyake visimame pande zote kama miguu ya mdudu, kisha unafunga fundo na kukata. Yule mama alitazama mpaka nikamaliza wa nne. Akauliza ni dawa ya nini. Nilimwambia si dawa, ni chambo. Akaniuliza samaki wa kwetu amekuwa mjinga lini hata ale manyoya. Nikamjibu kwamba nakwenda kumwuliza mwenyewe.

Kigongo, kungoja kivuko

Kutoka Mwanza nilipata lori hadi Kigongo, ambako kivuko cha kwenda Busisi kilikuwa kibovu. Mnaijua miaka hii, kipuri cha chombo kinasubiriwa kama mvua. Tulikaa kutwa nzima. Palikuwa na akina mama wakikaanga samaki pembeni, nikala sato mzima kwa ugali wa muhogo, na kwa mara ya kwanza maishani nikajua kwamba samaki mbichi na yule mkavu wetu wa Shinyanga hata udugu hawana.

Hapo ndipo nilipokutana na Bwana Karim, Mhindi mwenye duka Geita, aliyekuwa na gari dogo la mizigo lililojaa majembe. Mkono wa kanzu yake ulikuwa umechanika kwenye mlango wa gari. Nilimshonea palepale, naye akaniambia nipande mbele, atanifikisha Geita. Njiani alitazama bomba langu la bati mara nyingi kabla ya kuuliza. Nilipomweleza alisema babu yake alikuja nchi hii na duka kichwani, akiuza sindano kijiji kwa kijiji, na watu walimcheka pia. "Wewe nenda tu, dada," akasema. Huyo ndiye mtu wa kwanza aliyenielewa katika safari yote, na hakuwa hata na haja ya kuniamini.

Kizuizini

Kabla ya Geita barabara ilifungwa kwa gogo. Mgambo walikuwa wanatafuta dhahabu ya magendo na bidhaa zilizofichwa. Walihesabu majembe ya Bwana Karim, wakaona karatasi zake ni safi, nikadhani tumepita. Kisha mkubwa wao akaliona bomba.

Aliuliza kama ni bunduki. Nilisema ni ufito wa kuvulia. Akauliza nyavu ziko wapi. Nilisema hakuna nyavu. Chambo? Nikamwonyesha nzi wangu kwenye kopo la poda. Aliwageukia wenzake akawaambia huyu mama ama ni mwongo ama amechanganyikiwa, na kwamba chombo hiki ni cha kupimia madini, kitabaki hapo hadi kitambuliwe.

Neno mwongo lilinipanda kichwani. Nilikuwa nimetoka mbali kwa ajili ya neno hilo. Nilimwomba kofia yake. Alishangaa hata akanipa. Nilimpa mwenzake aende kuiweka barabarani mdomo juu, hatua ishirini mbele. Niliunga vipande vitatu vya mwanzi mbele ya malori yote yaliyosimama, nikapitisha mshipi, nikafunga nzi mmoja niliyemvunja ncha ya ndoana. Mara ya kwanza upepo ulinichukulia. Watu wakaguna. Mara ya pili nilisikia sauti ya baba, nyuma, ngoja, nikangoja mpaka nikahisi mshipi umevuta ncha ya mwanzi, ndipo nikauleta mbele. Nzi alishuka polepole akaingia ndani ya kofia.

Madereva walipiga makofi. Mkubwa wa mgambo aliifuata kofia yake mwenyewe, akamtoa nzi kwa vidole viwili, akamtazama sana. "Sasa samaki anakula hiki?" akauliza. Nikamwambia nikirudi nitamjibu. Walitoa gogo.

Geita na wale walionifuata

Nililala kwa shangazi yake Bwana Karim, nyumba yenye harufu ya bizari na mkate wa kusukuma, nikaondoka asubuhi kwa miguu kutafuta usafiri wa kwenda ziwani. Habari za kizuizini zilikuwa zimenitangulia, ila zilikuwa zimegeuka njiani. Wachimbaji wadogo, wale wanaoteremka kwenye maduara, yaani mashimo yao, kwa kamba na tochi, walikuwa wameambiwa kuna mama wa Shinyanga mwenye mwanzi unaoinama penye dhahabu.

Watano walinifuata. Waliniamkia kwa heshima zote, wakanibebea mzigo, wakanipa uji wa ulezi, na kila tulipovuka kijito walikuwa wakitazama ncha ya bomba. Niliwaambia ukweli mara tatu. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kuamini, maana mtu mwenye siri hukana. Mwishoni nilifungua ufito nikaushika kwenye duara lao, juu ya jiwe la kupondea mawe ya dhahabu, wakakaa kimya kama wako ibadani, ukabaki umenyooka. Mmoja akashusha pumzi akasema, "Basi hapa hamna kitu, tuhame." Walinishukuru sana. Sijui kama walihama, lakini waliniombea lori la kuni lililonifikisha Nungwe, na sikuwadanganya hata kwa neno moja.

Nungwe

Jiwe la hadithi ya baba lilikuwapo. Baba alisema lina mgongo kama ng'ombe aliyelala, na kijito kinaingia ziwani upande wake wa kulia, na kweli ndivyo lilivyo. Nilisimama nikalitazama kabla hata ya kuweka mzigo chini.

Wavuvi walinikatalia kabla sijafungua bomba. Mwanamke hapandi mtumbwi wa kuvulia wala haruki nyavu, bahati itaondoka. Mwenye mitumbwi alikuwa mtu mpole, alinieleza kama anayemweleza mgeni aliyepotea. Nilimjibu kwamba mwiko wao nauheshimu. Mtumbwi sipandi, nyavu siruki. Lakini jiwe si mtumbwi, na mimi nyavu sina. Alifikiri, akawatazama wenzake, akasema nitachoka mwenyewe. Mama Kulwa, mama wa mapacha anayebanika samaki pale ufukweni, ndiye aliyenikaribisha nilale kwake.

Siku ya kwanza sikupata kitu. Siku ya pili sikupata kitu, na mkono ulivimba. Kila jioni niliutandaza mshipi wa hariri juu ya vichaka ukauke usioze, niliupaka mafuta ya kondoo upate kuelea, na wavuvi walipita wakiniuliza kama nimemaliza kuwapungia samaki mkono. Niliwajibu kwamba bado tunasalimiana. Lakini ndani yangu nilianza kuogopa. Niliwaza vile nitakavyoteremka Shinyanga mikono mitupu, na baba atakavyobaki mwongo milele, safari hii kwa ushahidi wangu mimi.

Asubuhi ya tatu sikurusha. Nilikaa juu ya jiwe nikatazama maji, jambo ambalo baba aliniambia nilifanye kwanza, nami kwa kiburi nilikuwa nimelifanya mwisho. Wadudu wadogo wa ziwani, weusi, walikuwa wanaanguka mdomoni mwa kijito, na maji yalikuwa yanapasuka kidogo hapa na pale. Wale nzi niliowafunga kwenye treni walikuwa wekundu, wakubwa, wamejaa madaha. Nilikuwa nimemshonea samaki nguo ya harusi ilhali yeye alikuwa anatafuta kiamshakinywa. Nilichagua ndoana ndogo kuliko zote, unyoya mfupi mweusi, na uzi niliouchomoa kwenye pindo la gauni langu.

Nyuma, ngoja, mbele. Nzi alitua juu ya kijito, maji yakambeba taratibu. Mara ya nne maji yalipasuka palepale alipokuwa.

Siwezi kuwaeleza vizuri. Mwanzi uliinama mkononi mwangu kama kitu kilichofufuka. Kule mwisho wa mshipi palikuwa na kiumbe asiyenijua, mwenye nguvu zake na nia yake, na kati yetu hamna kitu isipokuwa uzi na subira. Alivuta nikamwachia, alilegea nikazungusha, alikimbilia mawe nikamgeuza. Nilikuwa nalia na sijui nilianza saa ngapi. Nilivua khanga ya mabegani nikaingia majini hadi kiunoni, nikamkinga nayo. Kuyu, wa rangi ya shaba, na manyoya ya jogoo wa Shinyanga pembeni mwa mdomo wake.

Wavuvi walikuja kumtazama. Hakuna aliyecheka. Mwenye mitumbwi aliomba aushike ufito, akaupima uzito kwa viganja viwili, akaurudisha kwa heshima.

Nilitoa futi yangu ya ufundi. Inchi kumi na nusu: shibiri moja na vidole viwili. Si dhiraa, lakini nilijiambia mimi ni mwanafunzi tu, baba alikuwa bingwa. Nilimpelekea Mama Kulwa ambanike, nikamwomba asimtoe nzi mdomoni. Alimtazama akatabasamu.

"Huyu ni kama yule wa mpishi," akasema.

Nilimwuliza mpishi gani. Alisema zamani, alipokuwa msichana, Mzungu wa mgodi alikuwa anakuja hapa Jumapili na mpishi wake mwenye kofia ya vito, ile iliyodariziwa. Mzungu alirusha kutwa bila kitu, akampa mpishi ufito, mwenyewe akaenda kunywa chai, na mpishi akapata. Alicheza ngoma juu ya lile jiwe hadi kofia ikaanguka majini. Samaki walimkaanga kwenye moto wa mama yake Mama Kulwa.

"Alikuwa wa dhiraa," nikasema.

Mama Kulwa alimchukua samaki wangu, akamfunika mkia kwa vidole vyake. "Alifika hapa," akasema. "Wako ni mkubwa kidogo."

Nilikaa mchangani. Nilimkasirikia marehemu kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Kisha nilimwona juu ya jiwe, mpishi wa watu, bila kofia, anacheza mbele ya Mzungu aliyeshindwa, na nikacheka mpaka Mama Kulwa akaniletea maji. Shibiri moja. Miaka yote ile, kwa shibiri moja.

Kurudi

Njia ya kurudi ilikwenda haraka. Kizuizini nilimwonyesha mkubwa wa mgambo samaki aliyebanikwa, akawaita wenzake wote waje waone, na hakuna aliyekumbuka kupekua mzigo wangu. Kwenye kivuko na kwenye treni nilibishana na nafsi yangu. Samaki mkavu husinyaa, ningeweza kusema lolote, na nani angekwenda Nungwe kuuliza. Nilipofika Shinyanga nilikuwa nimeamua.

Nilimkuta Masanja kwenye mizani yake, foleni ya wakulima wa pamba mbele yake. Nilifungua gazeti nililomfungia samaki. Alimgeuza samaki mara mbili.

"Umemnunua," akasema, na alikuwa na haki ya kusema hivyo.

"Mfungue mdomo."

Alimfungua. Alimwona nzi mweusi, uzi wa gauni langu, unyoya wa jogoo aliyekuwa akimwamsha yeye mwenyewe kila alfajiri ng'ambo ya ua. Alimgeuzageuza nzi kwa kidole mpaka wakulima wakaanza kulalamika.

"Na dhiraa iko wapi?" akauliza mwishoni, polepole.

Nilimweleza yote mbele ya foleni, kofia, ngoma juu ya jiwe, mkia uliofunikwa kwa vidole. Masanja alicheka akakaa juu ya marobota. Nilicheka naye. Baba yangu aliongopa urefu, sikatai, na nyote mmeongopa urefu wa kitu fulani maishani mwenu. Manyoya hakuyaongopa. Hilo ndilo nililolifuata, na ndilo nililolileta.

Kesho yake nilimpelekea jogoo wa faini, maana mila ni mila na mimi si mshamba. Alikuwa amechinjwa, hajanyonyolewa, isipokuwa shingo ilikuwa nyeupe kabisa.

"Mbona shingo haina manyoya?"

"Nina kazi nayo," nikamjibu. "Jogoo ni wako. Radhi sina."

Alimpokea. Nikamwambia siku yangu ikifika azuie jeneza apendavyo, awaambie watu samaki alikuwa mdogo, awaonyeshe kwa kidole. Lakini akiyagusa manyoya, nitainuka.

Masanja alimchomoa yule nzi mdomoni mwa kuyu, akamchomeka kwenye kofia yake ya kazi. Yumo hadi leo. Mwenye swali zaidi akamwulize yeye pale mizanini. Mimi nina suruali za kushona.